Pipa la Mheshimiwa Langoni

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya ukutani tuliyoitumia kidato cha tatu na sikuiona, ingawa ramani yenyewe ilikuwa imechanika pale pale ambapo nchi hiyo ingekuwa. Kwa hiyo, msomaji, ukikuta humu kitu kinachofanana na cha kwenu, kosa ni la kwenu kwa kufanana. Mimi simo.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo kulikuwa na gereza lililoitwa Nyumba Kuu ya Utulivu. Waliofungwa humo hawakuitwa wafungwa. Waliitwa wageni wa taifa, na kama wageni wengine wenye adabu hawakuruhusiwa kuuliza kilichomo chunguni, wala kuaga kabla mwenyeji hajaridhika nao.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Shomari, fundi cherehani, aliyepiga miayo katikati ya hotuba iliyodumu saa tano. Mwendesha mashtaka alionyesha kwa picha kwamba mdomo ulifunguka mara mbili. Mwayo wa kwanza, akasema, ungeweza kuwa ajali. Wa pili ulikuwa mpango. Shomari akapewa miaka miwili, mmoja kwa kila mwayo, na hakimu alipomaliza kusoma hukumu akapiga wake mwenyewe, lakini yeye alikuwa kazini.

Shomari alikuwa na dada yake mkubwa, Mwasiti, mkaanga mihogo wa stendi. Kila Jumatano Mwasiti alikwenda kumtazama mdogo wake na hotpoti mkononi. Mwezi wa kwanza alimkuta mzima. Mwezi wa nne alimkuta amening'inia ndani ya nguo zake kama nguo ziko kwenye msumari.

"Kiuno kimepungua inchi sita, dada," Shomari akamwambia kupitia wavu. Fundi ni fundi hata akiwa kifungoni. Alikuwa amejipima kwa kamba yenye mafundo. "Nikipungua mbili zaidi nitavaa mkanda wa mtoto wa chekechea."

"Unaumwa nini, wewe?"

"Tumbo. Bweni zima tumbo. Tuko sitini, ndoo mbili. Yaani kuna foleni ndani inayoishinda hii yenu ya nje."

"Mnalishwa nini?"

"Chakula si neno. Ni maji, dada. Yale maji..."

"Mada imefungwa!" askari akapiga kelele. Mada zilizoruhusiwa wakati wa kutazamana zilikuwa tatu na zilibandikwa ukutani: hali ya hewa, harusi za jamaa, na ushindi wa timu ya taifa. Hiyo ya tatu ilikuwa bado haijapata mtumiaji.

Sasa mimi shuleni niliambiwa maji safi hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapewa vema tatu. Maji ya Nyumba Kuu ya Utulivu yalikuwa na vyote vitatu. Serikali ilieleza kwamba yameongezwa thamani.

* * *

Lazima nikueleze lango, maana bila lango hadithi hii haisimami.

Zamani, kabla sijazaliwa, mgeni mmoja wa taifa aliletewa pilau na mkewe, akala, akafa, na mke akaolewa wiki ile ile. Ndipo ikatungwa Kanuni ya Kumi na Nne. Ilisema hivi: kila aletaye langoni cha kula au cha kunywa, awe nani, ataonja kwanza mbele ya mlinzi, yeye au mtu aliyefuatana naye, na koo lionekane likimeza. Asiyeonja, alicholeta kimezuiwa. Yote yaandikwe kwenye daftari la lango: jina, alicholeta, ameonja au amekataa. Na kila mtu anayeingia atie saini kwenye ukurasa huo huo, ili asije akasema hakuona.

Mlinzi wa lango alikuwa Afande Kibwana, miaka ishirini na sita kwenye kiti kile kile. Hakuwa mtu mbaya, wala sitamsifu kuwa mtu mzuri. Alikuwa Kanuni ya Kumi na Nne iliyovaa kofia. Alimwonjesha mama yake mzazi uji aliomletea yeye mwenyewe kazini. Alimwonjesha mkuu wa gereza keki ya harusi ya binti yake, na mkuu ana kisukari. Siku moja mama mmoja alileta sabuni, wakabishana nusu saa kama sabuni ni chakula, mpaka Afande akakata shauri: mama anawe uso, koo limesamehewa.

Jumatano ile Mwasiti alipoinama kutia saini, akasoma mistari ya juu yake. Koplo fulani, chupa ya maji kutoka nyumbani, ameonja. Sajini fulani, chupa ya maji kutoka nyumbani, ameonja. Mpishi wa gereza, vivyo hivyo. Askari arobaini na mmoja, chupa arobaini na moja. Hata mbwa wa doria alikuwa na dumu lake dogo, aliyelileta ameonja.

"Afande," akauliza, "mbona nyote mnakuja na maji ya kwenu, na humo ndani mna tangi refu kama ghorofa?"

"Mama, mimi nalinda lango. Silindi koo."

Wiki iliyofuata Mwasiti akaja na hotpoti, na dumu la lita tano la maji aliyoyachemsha na kuyachuja kwa kanga mpya. Akaonja mhogo. Akaonja maji, akameza, akafunua na ulimi.

"Umeonja vizuri sana," Afande akasema akiandika. "Mhogo upite. Maji yabaki."

"Kwa nini? Si nimeonja?"

"Kuna waraka." Akaufungua, akausoma akiwa amesimama kama mtu anayesoma wimbo wa taifa: "Ni marufuku kuingiza maji mahali penye maji, kwani kufanya hivyo ni kuyasengenya maji ya serikali. Maji ya askari hayahusiki, kwani kiu yao ni ya kikazi."

"Hayo ya serikali yamepimwa?"

"Kila mwezi. Watu wa maabara wanakuja na vichupa."

"Majibu yanasemaje?"

"Majibu hayapiti hapa, mama. Yangepita ningekwambia uyaonje."

* * *

Mwasiti akafunga kanga kiunoni, akaenda Wizara ya Maji, Magereza na Maelewano.

Nchi ile ilikuwa na Sheria ya Haki ya Kujua, nzuri mno, ilikwishapata tuzo mbili ng'ambo na moja ya hapo hapo. Kwa mujibu wake kila raia ana haki ya kujua jambo lolote, alimradi ajaze Fomu ya Kuomba Kujua. Fomu ilikuwa na sehemu tatu tu. Taja unachotaka kujua. Eleza kwa nini mpaka sasa hukijui. Ambatisha nakala ya unachotaka kujua, iliyothibitishwa na hakimu.

Dirishani aliketi Bwana Machumu, Afisa Habari Mkuu, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha habari hazitoki bila kuaga.

"Kaka," Mwasiti akamwambia, "ningekuwa na nakala ningekuja kufanya nini hapa?"

"Ndiyo maana sheria yetu inasifiwa, dada yangu. Inahudumia wanaojua."

"Mdogo wangu anakwisha. Nataka kujua anakunywa nini."

"Anakunywa maji."

"Maji yenye nini?"

"Yenye nia njema."

"Bwana we, mimi sikuja kutaniwa. Majibu ya vipimo yako wapi?"

Bwana Machumu akageuka kwa fahari, akaonyesha kabati la chuma lenye kufuli tatu. "Yale pale. Miaka tisa, hayajawahi kuguswa na mkono wa raia. Majibu yetu ni salama kuliko hayo maji yenyewe." Akakohoa. Akafuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Aidha," akaendelea, "taarifa za maji hutolewa kwa mtumiaji wa maji husika. Mdogo wako aje mwenyewe, na kitambulisho."

"Si yuko gerezani!"

"Hapo sasa mnajichelewesha wenyewe."

"Basi nifungeni na mimi, niwe mtumiaji."

"Kufungwa kwa hiari ni dirisha namba tisa. Leo wamefunga mapema."

Mwasiti akaomba kalamu. Penye sehemu ya kwanza akaandika: Mdogo wangu anakunywa nini? Penye sehemu ya pili, kwa nini hukijui, akaandika: Kwa sababu mmekificha. Sehemu ya tatu akaiacha wazi, akaisukuma fomu chini ya kioo na kusema, "Piga muhuri."

"Haijakamilika."

"Piga muhuri wa kutokukamilika."

Upo muhuri kama huo. Bwana Machumu akaupiga. Fomu ikawa ombi namba moja la mwaka, na ilikuwa mwezi wa kumi.

Jumatatu iliyofuata Mwasiti akarudi na wanawake kumi na mmoja wa kwenye foleni ya gereza, kila mmoja na fomu yake, kila mmoja na jina lake la kuuliza: mume wangu anakunywa nini, baba yangu anakunywa nini. Jumatatu ya pili wakaja sitini. Wakaleta na mikeka. Bwana Machumu akapiga muhuri wa kutokukamilika mpaka wino ukaisha, akakopa wino wa Wizara ya Furaha, nao ukaisha. Swali likatoka dirishani likaingia sokoni. Mtu akiagiza chai hotelini, mhudumu anamuuliza, "Na wewe unakunywa nini?" na hoteli nzima inacheka kwa mdomo uliofungwa, maana kucheka kwa mdomo wazi kulifanana mno na mwayo.

Serikali ikaona sasa hapa panahitajika hatua. Hatua ya kufungua kabati haikupendekezwa na yeyote.

* * *

Wazo lilikuwa la Bwana Machumu, na ninalisifu. "Wananchi hawataki karatasi," aliwaambia wakubwa. "Wanataka kuona." Basi maji yatachotwa kwenye tangi la gereza, yatatolewa nje kwa mlango wa nyuma, yatatiwa kwenye pipa lililopakwa rangi za bendera, na Mheshimiwa Waziri mwenyewe atayaleta kwa lango la mbele, mbele ya kamera, na kuwakabidhi wageni wa taifa. Yaani maji yatoke gerezani ili yaletwe gerezani. Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Nililisikia vizuri kabisa.

Wanasheria wanne wakaandika Hati ya Makabidhiano, wakaibana kila upande isiache tundu: kwamba Waziri analeta maji haya ya tangi la Nyumba Kuu ya Utulivu, yaliyomo pipani, yaliyobaki tangini, na yote yatakayofuata, kama kitu kimoja kisichogawanyika.

Siku ikapangwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa Jumatano.

Mwasiti alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na dumu lake la lita tano ambalo alikuwa akilileta na kulirudisha wiki ya saba sasa. Shomari alikwishamtumia salamu kwa mdomo wa mtu aliyetoka: inchi nane.

Msafara ukafika na ving'ora. Akashuka Mheshimiwa Profesa Mhandisi Ngwali Pazi, kwenye tai yake kukiwa na vipande vya sambusa, mkononi ameshika chupa ya maji yenye mlima wa theluji kwenye lebo. Akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Wako watu wanauliza maji yetu yana nini. Nami nawauliza: wao wana nini?"

Makofi. Waliopiga walikuwa wameletwa na basi.

"Maji haya yamepimwa! Yamepimika! Yamekubali kupimwa, jambo ambalo maji ya majirani zetu hayajawahi kulikubali! Ni salama kwa asilimia mia moja na nne. Mia ni za serikali. Zile nne ni zangu mimi binafsi, nimewaongezea!"

Akanywa funda moja la mlima wa theluji ili koo lipumzike. Kisha akashuka, pipa likasukumwa mbele yake na vijana wanne wenye glavu, moja kwa moja hadi langoni, mbele ya foleni.

"Tunapisha," Mwasiti akasema kwa sauti ya kusikika. "Mheshimiwa atangulie, hatuna ugomvi. Ila na aonje kama sisi."

Foleni ikacheka. Halafu ikanyoosha shingo, kwa sababu Afande Kibwana alikuwa amefungua daftari na kuchovya kalamu.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Umeleta nini?"

"Marahaba. Maji, kijana wangu. Maji!" Kijana wake alikuwa na miaka hamsini na nane.

"Ya kuogea au ya kunywa?"

Kamera zikasogea. "Ya kunywa!" Mheshimiwa akasema. "Safi na salama!"

Afande akaandika: maji ya kunywa, pipa moja. Akachukua kikombe cha bati kilichofungwa mnyororo mezani, kile kile walichokunywea wanawake wote wa foleni ile, akakichovya pipani, akakitoa kimejaa, kina rangi, kina harufu.

"Onja."

Ng'ombe mmoja alilia mbali. Nadhani hakuwa na habari.

"Afande," msaidizi wa Waziri akanong'ona, "Mheshimiwa amefunga."

"Na hiyo sambusa kwenye tai?" mwanamke mmoja akauliza.

"Ilikuwa ya daku," msaidizi akasema, saa tano asubuhi.

"Kanuni ya Kumi na Nne," Afande akasema bila kupandisha sauti. "Awe nani. Lakini inaruhusu mtu wa msafara wake aonje kwa niaba."

Mheshimiwa akageuka kutazama msafara wake. Msafara ukatazama viatu. Naibu Waziri akakumbuka simu. Bwana Machumu akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa makubazi. Ila aliyenifurahisha mimi ni Mkurugenzi wa Maabara ya Taifa. Huyu ndiye mtu pekee katika nchi nzima aliyekwishayasoma majibu yale, miaka tisa, mwezi kwa mwezi. Kikombe kilipomwelekea, alirudi nyuma hatua nane. Watu walizihesabu kwa sauti. Moja! Mbili! Tatu! Ya nane ikamtumbukiza mtaroni.

"Haya, majibu yametoka!" akapiga kelele muuza miwa. Mimi simo, lakini hakuna fomu iliyowahi kujibu waziwazi namna ile.

"Aonje! Aonje!" foleni ikaanza, kwanza kumi, kisha sitini, kisha, sijui niseme, hata wale wa basi. Na kutoka ndani, nyuma ya ukuta, wageni wa taifa ambao hawakuona kitu lakini walisikia neno, wakaanza kugonga ndoo.

"Hii ni hujuma!" Mheshimiwa akafoka. "Mimi ni Waziri! Mimi siletwi chakula... sileti... Pitisha pipa!"

"Mheshimiwa, unaonja?"

"Sionji!"

Afande Kibwana akaandika polepole, akisoma kila neno, kama alivyofanya miaka ishirini na sita: "Mheshimiwa Profesa Mhandisi Ngwali Pazi, Waziri. Maji ya kunywa, pipa moja. Amekataa kuonja. Yamezuiwa." Kisha akaichukua Hati ya Makabidhiano, akaipitia kwa kidole. "Na hapa umeandika mwenyewe: yaliyobaki tangini, na yote yatakayofuata, kitu kimoja kisichogawanyika. Koplo! Nenda kafunge koki ya tangi. Maji yote yamezuiwa."

"Watakunywa nini sasa?" msaidizi akauliza. Lilikuwa swali la Mwasiti, ila huyu hakupigiwa muhuri.

"Anayefuata," Afande akasema.

Mwasiti akasogea. Akaweka dumu juu ya meza, pembeni ya pipa la bendera.

"Umeleta nini, mama?"

"Maji ya kunywa. Lita tano. Na kama kuna waraka, usome."

Afande akautoa waraka, akausoma tena wote. Ni marufuku kuingiza maji mahali penye maji. Akatazama ndani ya ua, kwenye tangi lililofungwa. Akaukunja waraka. "Humo ndani hamna maji," akasema. "Onja."

Mwasiti akakimwaga kikombe cha bati chini, karibu sana na viatu vya Mheshimiwa, akakisuuza, akamimina maji yake. Hakuonja. Alikunywa kikombe kizima, taratibu, macho yake kwenye macho ya Waziri, na koo likaonekana likimeza mpaka kwenye kamera. Halafu akamnyooshea Mheshimiwa kikombe.

"Yamebaki. Karibu. Haya hatufichi yana nini."

* * *

Siku ile wanawake walikimbilia makwao kuchukua maji, na madumu sitini na moja yalipita langoni, na siku zilizofuata hayakukatika. Shomari alikunywa la kwake akakunja uso.

"Maji gani haya, dada? Mbona hayana ladha?"

"Ndiyo yalivyo, mdogo wangu. Umeyasahau."

Mheshimiwa akaamuru ukurasa ule wa daftari uchanwe. Afande akaeleza kwamba hakatai, ila ukurasa wa lango hauondolewi mpaka wote waliotia saini juu yake wakubali. Waliotia saini walikuwa Mwasiti na wenzake sitini. Waliulizwa mmoja mmoja. Hapana iliandikwa mara sitini na moja, na kwa kuwa iliandikwa langoni, nayo ikaingia kwenye daftari.

Basi Afande akapandishwa cheo, akapelekwa kulinda uwanja wa ndege usiojengwa bado, mahali pasipo na lango. Wanasema ameweka kiti katikati ya nyasi, na mkandarasi akipita na chupa, anaonja. Huku gerezani, tangi bado limefungwa, kwani hajapatikana kiongozi wa kuja kuonja ili lifunguliwe. Nafasi hiyo imetangazwa mara tatu.

Mwezi wa pili Mwasiti alipata barua ya Wizara, yenye mihuri minne: "Ombi lako namba moja limekataliwa. Taarifa za ubora wa maji ya magereza ni siri na pia hazipo."

Akaisoma akiwa kwenye foleni. Akaigeuza, akaazima kalamu ya mlinzi mpya, akaandika nyuma: "Asanteni, nimeshajua. Yako kwenye daftari la lango, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Mkija kusoma, tieni saini. Mkija na maji, mtaonja." Akaikunja, akampa mwenzake aipeleke dirishani, kisha akasogeza dumu lake mbele kwa mguu, maana zamu ilikuwa imefika, na ndani kulikuwa na fundi anayemsubiri na kamba yake ya mafundo, ambaye wiki ile alikuwa ameongezeka inchi mbili.